Siku Mkoba Haukukaguliwa

Kila siku saa kumi na moja kasorobo jioni, shangazi yangu hufika langoni akitoka kazini, huweka mkoba wake kwenye benchi la mlinzi na kutoa vitu kimoja kimoja: miwani, funguo, chupa ya maji, kitambaa, vidonge vya presha. Kisha huupindua mkoba na kuukung'uta. Ni mwaka wa kumi na moja sasa anafua na kupiga pasi katika nyumba ile. Mtaani wanamwita Mama Pasi. Hata akija kwetu, wakati wa kuaga, mkono wake hushika zipu kabla hajakumbuka yuko wapi.

Mlinzi wa zamani alistaafu Ijumaa. Jumatatu alikuwepo mwingine, mtu mzima mwenye kitambi na maneno mengi.

"Pita tu, dada. Mikoba ya wanawake mimi naiogopa."

"Nikague, kaka."

"Nikukague nini? Wewe una uso wa kuiba?"

"Basi andika kwenye daftari kwamba umenikagua."

"Nisipoandika?"

"Sitoki."

Mlinzi akacheka. Gari la mwenye nyumba likapiga honi, akakimbilia lango, na shangazi akajikuta barabarani, mkoba haujafunguliwa.

Alikuja kwetu moja kwa moja, jasho likimtoka. Akamwaga vitu vyake mezani na kuniomba nivitazame vyote.

"Wewe umesoma, utakumbuka."

Mama akamtania: "Wifi, na hivyo vidonge umeviiba?"

Hakucheka. Mwaka juzi pete ya bibi wa nyumba ile ilipotea. Kwa siku tatu shangazi aliulizwa maswali yale yale, akavuliwa hadi viatu, mpaka pete ikaonekana kwenye droo ya mwenyewe. Alichoambiwa ni kwamba nguo zimejaa kapuni. Vidonge alianza mwezi ule.

Simu yake ikaita. Alikuwa bibi yule. Shangazi akaisukuma upande wangu.

"Pokea. Sema sipo." Akanishika mkono. "Hapana, sema nipo. Nisipokuwepo watasema nimekimbia."

Nikapokea. Bibi aliuliza shati la buluu la mumewe liko wapi. Shangazi akanong'ona kwamba liko nyuma ya mlango wa chumba cha wageni, nikalisema hilo kwa sauti. Tukasikia hatua, mlango ukafunguliwa, kisha: "Haya, nimeliona." Simu ikakatika.

Nilidhani sasa atapumua. Akarudisha vitu mkobani, akavitoa tena, akavirudisha.

"Shangazi," nikamwuliza, "hujachukua kitu. Unaogopa nini?"

Akafunga zipu.

"Wakipoteza kitu, wananitafuta mimi."