Mbio Zangu za Kamakis

Nichekeni tu, aibu yenyewe bado mbichi. Daktari alituambia mimi na mathe tupunguze uzito, tukaapa kuacha nyama pamoja. Kila Jumamosi naondoka nyumbani Ruiru nikikimbia, yeye anabaki na mboga yake ya managu ya kuchemsha. Shida ni kwamba mbio zangu huishia Kamakis, kwa mbuzi choma.

Juzi nilishiba, nikakumbuka sina jasho la kurudi nalo. Jagi la kunawia lilikuwa tupu, basi nikajimwagia maji ya beseni, yale nimeshanawia.

Nyumbani nikapata mathe na akina mama wa kanisa.

"Ona vile kijana wangu ameloa! Huyu ndiye hunipa nguvu," akasema, akanikumbatia. Halafu akabandua kitu shingoni mwangu.

"Haiya! Kelvin, siku hizi unatoa jasho la kachumbari?"