Siku Swahiba Aliposhindwa Ubishi wa Vita

Kwenye baraza letu la kahawa, mtaa mmoja nyuma ya soko la Kariakoo, anayeshika birika hana upande. Tunapokezana: leo unamimina wewe, kesho mwenzako, na mwenye birika ndiye mwamuzi wa ubishi wa siku hiyo. Anagawa zamu za kusema, anamnyamazisha anayepayuka, na mwishoni anatamka nani kashinda. Maoni yake mwenyewe anayameza. Bila sheria hiyo tungeshatoana macho zamani, maana benchi la kulia ni la chama kinachotawala na la kushoto ni la wapinzani, na hakuna anayekosea pa kukaa.

Mimi ni wa kushoto. Swahiba wangu alikuwa wa kulia. Nasema alikuwa swahiba, na sijateleza ulimi. Tulisoma darasa moja, tukaoa mwaka mmoja, na kila uchaguzi tulirushiana maneno mpaka watu wakadhani tumeachana, kisha unatukuta tunakula mihogo sahani moja. Mimi nauza viatu vya mtumba Mchikichini. Yeye ni wakala wa mizigo bandarini, anasafirisha makontena ya wafanyabiashara wa nchi jirani. Vita vilipolipuka huko, malori yakakwama njiani, naye akageuka jemadari wa baraza. Kila siku wimbo wake ni mmoja: askari wetu waongezwe, waingie, wawapige waasi, mambo yaishe.

Mimi vita hivyo vilinigusa kwingine. Mdogo wangu ni askari, na alikuwa tayari kule. Kabla ya kuondoka alinishika mkono akasema, "Kaka, mama asijue. Presha yake unaijua." Basi tukamwambia mama kwamba kijana yuko kozini Morogoro, na huko kambini simu hawaruhusiwi ovyo. Niliubeba uongo ule hadi ukanielemea. Siku moja, tukitoka kumzika jirani, nikamweleza swahiba yote. Nililia mbele yake, mtu mzima mimi. Akanipigapiga mgongoni, akasema, "Hili nimelizika." Nikamwamini.

Ijumaa moja baada ya alasiri, birika lilikuwa kwangu. Swali lilikuwa hili: tuzidishe askari kwa jirani, au tukae kando tuwe wapatanishi?

Swahiba aliongea vizuri, sitamnyima haki yake. "Nyumba ya jirani inaungua, we unakaa unasema sina upande? Moto unajua ukuta ni wa nani?" Wazee wakaguna kukubali.

Kwenye benchi la kushoto akainuka fundi cherehani, mtu mpole asiyependa makelele. "Anayekuja kuamulia ugomvi na panga mkononi, huyo haamulii, anapigana. Sasa kesho wakichoka kuuana, nani atatuita tuwapatanishe?"

Nikapima kwa haki. Naapa nilipima kwa haki. Nikatamka kwamba fundi kashinda.

Swahiba akasimama. "Mwamuzi gani huyu? Mdogo wake yuko huko huko vitani! Anataka arudi kwa mama yake, ndo maana anatubania. Abishe kama naongopa!"

Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwenye birika, sikumjibu. Ujinga ulioje! Nimevuliwa nguo hadharani, bado nashika sheria ya baraza. Nilimtazama usoni nikitafuta majuto, nikakuta raha ya mtu aliyepata hoja. Angenitukania mama yangu ningemsamehe kabla ya magharibi.

Maneno yalifika nyumbani kabla yangu. Majirani zetu ni watu wema, na wema wao ndio uliotumaliza. Wanawake watatu walijitanda khanga, wakavua viatu mlangoni kwa mama, wakakaa mkekani kimya, kisha mmoja akasema, "Pole, bibi. Yote mipango ya Mungu." Walimaanisha pole kwa kuwa mwanawe yuko vitani. Lakini kwetu watu hawaingii hivyo ndani ya nyumba ila kwa jambo moja. Nilisikia yowe la mama nikiwa kona ya mtaa, nikakimbia.

"Yu hai, mama! Wallahi yu hai! Jana tu kanitumia ujumbe!"

Nilimwonyesha simu, nikamweleza kila kitu nikiwa nimepiga magoti. Majirani wakaomba radhi, wakatoka mmoja mmoja wakitazama chini. Mama alichukua muda mrefu kurudisha pumzi.

"Nani mwingine alijua?" akauliza.

Nikamtaja swahiba. Nilimtaja kwa hasira, nikimsubiri mama amlaani, maana huyo mtu amekula kwake tangu utoto. Nilitaka sana kusikia laana ile.

"Yeye ukamwambia," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

Alijifunga ushungi wake upya, taratibu, bila kunitazama.

"Miezi minne, kila swala, namwombea mwanangu afaulu mtihani wa kozi. Kumbe nilitakiwa nimwombee uhai, na wewe ukaninyima."