Kompyuta Zilizomsubiri Mgeni Rasmi

Nikimtaja Nusura mbele ya walimu wenzangu, wananiambia Hedwiga ameanza tena. Ndiyo, nimeanza tena. Mwanamke yule alifanyiwa jambo la kipuuzi kabisa, tena na watu wenye vyeti, na waliomfanyia bado wanakunywa chai ya saa nne kwa raha zao. Mimi nilikuwepo, na hasira yangu haijaisha.

Nusura ni mtoto wa Daraja Mbili. Baba yake alitoka Kondoa akaja Arusha kushona kanzu. Binti alisomea uchapaji, akaajiriwa kupiga chapa katika kiwanda kimoja cha umma. Soko huria lilipoingia kiwanda kikauzwa, mwenye mali mpya akaja na watu wake, na Nusura akarudishwa nyumbani na kiinua mgongo chake. Wenzake walifungua genge au waliuza mitumba. Yeye alinunua kompyuta kuukuu, ya zile zilizokuwa zikishushwa kwenye makontena, akaiweka sebuleni na kuanza kufundisha watu. Majirani walisema kuachishwa kazi kumemchanganya akili.

Wanafunzi wake walikuwa mafundi cherehani, wauza duka, na mimi niliyekuwa nikitoka Kikatiti kila Jumamosi. Wote tulikwama pale pale: kila kitu kwenye kioo kilikuwa Kiingereza. Ndipo aliposikia, kwenye duka la intaneti mjini, kwamba ziko programu huria, zisizouzwa, ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzifungua ndani, kuzirekebisha na kuwagawia wengine. Akachagua moja ya kuwafundisha watoto kuhesabu, kusoma na kutaja saa. Akaanza kuitia Kiswahili, neno kwa neno.

Hakuishia kwenye maneno. Somo la saa lilimkera sana. Mshale mfupi ukiwa kwenye saba asubuhi, mtoto wa kwetu anajibu saa moja, na kompyuta inamwambia amekosea. Nusura alisema mtoto kasema kweli, halafu mashine inamfundisha kwamba hajui kitu. Kwa hiyo akajifunza kuingia ndani ya programu yenyewe, akaigeuza ihesabu saa kama tunavyohesabu sisi. Kazi ile ilimla macho.

Watu waliokuwa wakiitunza programu hiyo, waliotawanyika nchi mbalimbali, walimjulisha kwamba kazi yake ni nzuri na wataiweka kwenye toleo jipya la mwezi wa kumi. Sharti lilikuwa moja tu: watoto waitumie kwanza darasani, makosa yaonekane, yasahihishwe. Ikiingia, shule yoyote itakayochukua programu ile itakuta Kiswahili ndani yake. Isipoingia, kazi yote inabaki sebuleni Daraja Mbili.

Nilifurahi kama mjinga, maana Januari hiyo, mwaka 2006, shule yetu ilikuwa imeletewa kompyuta. Sisi tuko juu kidogo ya Kikatiti. Umeme upo, chumba kipo, nondo za madirishani zipo. Nikamleta Nusura. Alishinda humo bila kula, akaiingiza programu yake kwenye mashine zote. Jioni mwalimu mkuu wetu, Mzee Elirehema, akafunga mlango kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Chumba hakijazinduliwa, akasema. Hakuna mtoto wa kugusa kitu mpaka mgeni rasmi aje akate utepe.

Kwetu jambo hili halimshangazi mtu. Choo kipya kinakaa na kufuli kikisubiri kuzinduliwa, huku watoto wanakwenda migombani. Mgeni rasmi mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa mjini aliyelipia kusafirisha kompyuta hizo. Alipangiwa Machi, akaahirisha. Akapangiwa Mei, akaahirisha. Tangu Februari kamati ya shule haikukaa bure: akina mama walifuma vitambaa vyeupe vya uzi, kama vile vya kwenye makochi, wakaivisha kila kompyuta. Zikakaa humo ndani kama maharusi waliokimbiwa.

Nusura alikuja mara nyingi. Mwanzoni alikuja na heshima zote, shikamoo mwalimu, habari za hapa. Akakalishwa, akapewa chai, akaambiwa avute subira. Mwezi wa saba alikuja hana hamu ya chai. Alimweleza mzee kwamba anachohitaji ni watoto wachache na asubuhi moja, kisha vitambaa vitarudishwa vilivyokuwa na mgeni hatajua. Mzee alimjibu kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma.

"Mama, mgeni akikuta watu wameshakula, utasema ulimwalika?"

Nilimwambia mbele ya walimu wote kwamba watoto wangu wa darasa la saba wanamaliza Septemba, na hawajagusa mashine zilizoletwa kwa jina lao. Akanijibu nisilete siasa. Nashipae, msichana niliyemwahidi kwamba atakuwa wa kwanza kukaa kwenye kompyuta, alipita dirishani kila asubuhi na kuchungulia. Akafanya mtihani wake akaondoka. Hata matokeo hayajatoka, alikuwa ameshapelekwa Moshi kufanya kazi za ndani.

Mwezi wa kumi toleo jipya likatoka. Lilikuwa na lugha nyingi, nyingine sijawahi kuzisikia. Kiswahili hakikuwemo. Nusura alinionyesha palepale kwenye duka la intaneti, akashusha majina ya lugha mpaka chini, akarudi juu, akashusha tena. Hakulia. Alisema anakwenda kununua mkaa.

Mgeni rasmi alikuja Novemba. Turubai, spika, kwaya, pilau. Nusura aliitwa awe mtaalamu wa kuwasha mitambo, akaketi safu ya nyuma na mtandio wake mweusi. Mgeni alikata utepe, mzee akamfungulia, akaingia na kukuta vitambaa. Alinyanyua kimoja kwa vidole viwili, akakirudisha. Aliposhika kipaza sauti alionekana mtu aliyechanganyikiwa.

"Mwalimu mkuu," alisema, "mimi niliomba nije nione watoto wakifanya kazi. Kila nilipomtuma dereva wangu achungulie, alikuta mashine zimefunikwa. Nikasema hawajawa tayari, nisiwaharakishe. Kumbe mlikuwa mnanisubiri mimi?"

Watu wakacheka. Turubai zima lilicheka, na Mzee Elirehema naye akacheka, akiitikia kwa kichwa kama aliyesifiwa. Mwaka mzima yeye anatusubiri sisi, sisi tunamsubiri yeye, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeuliza. Na Nashipae wakati huo anaosha masufuria ya watu.

Nusura hakucheka. Alisimama, akapita katikati ya viti mpaka meza kuu, akamnyooshea mzee mkono.

"Naomba ufunguo, mwalimu. Si wa leo tu. Nibaki nao."

Sauti yake haikupanda. Mzee akamtazama mgeni, akakuta mgeni anamtazama yeye, na hapo hakuwa na pa kukwepea. Ufunguo ukatoka mfukoni.

Nusura hakungoja pilau. Alivua vitambaa vyote akavirundika kwenye kona, akawasha mashine, akawaita watoto wa darasa la nne waliokuwa wamebanana mlangoni. Nikasimama nyuma yao. Somo la saa likafunguka: jua linachomoza, mshale mfupi kwenye sita. Binti mmoja akachagua saa kumi na mbili, saa anayoamka kila siku. Kompyuta ikamkatalia, ikamwonyesha jibu inalolitaka yenyewe.

"Mwalimu," akauliza, "saa sifuri ni saa ngapi?"

Nusura akainama, akasoma, akajiziba mdomo kwa kiganja. Kuanzia sita kwenda juu, alikuwa ameiambia programu ipunguze sita kwenye kila saa, na sita ukiipunguza sita inabaki sifuri. Aliipita mara nyingi kwa macho yake yaliyochoka, peke yake sebuleni. Mtoto ameiona kabla kiti hakijapata joto.

Nje mshereheshaji alikuwa akimshukuru mgeni rasmi kwa kuacha shughuli zake nyingi. Nusura akavuta kiti na kuanza kusahihisha.

"Asubuhi moja," akaniambia bila kugeuka. "Niliwaomba asubuhi moja."