Sinia Nne za Manah Kabla ya Mechi ya Nizwa

Safari hii niliifunga kwa sababu moja: kuokoa kazi yangu. Mimi ni golikipa wa mpira wa magongo wa kwenye barafu hapa Ibra, na nalipwa mshahara, ingawa majirani wanadhani nawatania. Msimu ulikuwa umenichosha mwili na roho. Sur tulifungwa, Maskati tulifungwa, na Kocha Khalfan akanieleza waziwazi: tukishinda mechi ya mwisho Nizwa, mkataba wangu unaendelea, tukishindwa, anatafuta golikipa mwengine.

Saa tatu asubuhi tulipanda basi, mabegi yananuka jasho la msimu mzima. Kabla hatujafika Sinaw goti lilishaanza kuniuma. Nilijaribu kulala, wapi!

Saa sita mchana, Manah. Hapa kosa ni langu. Mama mdogo Zuwena, aliyezaliwa Unguja, anakaa hapa, na ukipita mjini kwake bila kumwamkia umemtukana. Asubuhi nilimpigia simu kwamba tunapita, kisha nikamwomba kocha dakika tano.

"Shikamoo, mama mdogo. Tunapita tu, tuna mechi saa tisa."

"Marahaba, mwanangu. Mnapita mwende wapi? Wallahi hamtoki hapa na njaa!"

Wali wa nyama ulikwishapakuliwa, sinia nne. Kocha, anayetukemea hata kwa biskuti siku ya mechi, alifungua mdomo akatae, akamtazama mwenyeji wetu usoni, akaufunga. Akawa wa kwanza kunawa.

"Aibu kukataa," alininong'oneza. "Lakini kula kidogo, yakhe."

Nani alikula kidogo? Baada ya wali ikaja halwa, na baada ya halwa, kahawa.

Saa tisa, Nizwa. Uwanja wa barafu umo ndani ya jengo la maduka. Wenzangu waliteleza taratibu, mmoja kashika tumbo. Kile kisahani cheusi cha mpira kilinipita mara tano. Sisi tulifunga moja.

Njiani kurudi kocha alikuja kukaa karibu yangu.

"Khalas, yamekwisha, Nasor. Hata mimi nilikula nikashiba. Lakini neno langu ni lile lile."

Niliumia sana, ila sikumchukia.

Simu ikalia. Mama mdogo.

"Mmeshinda?"

"Tumefungwa."

"Masikini! Chakula hakikuwatosha. Mwakani nitawachinjia mbuzi."

Nimejifunza kwamba siku ya mechi, jamaa huamkiwa wakati wa kurudi. Nimejifunza nimeshachelewa.

"Insha'Allah, mama mdogo," nikamjibu, machozi yananitoka. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mwakani mbuzi wake ataliwa na golikipa mwengine.