Mkono wa Marehemu Mlangoni

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi, mwanangu, pale Mlandege, mjini Iringa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa kupiga polishi magari kwenye gereji ya Mzee Luvanda, aliyenifundisha kazi hii. Mashine ya umeme ya kupigia polishi ilikuwa bado ngeni kwetu, na mimi ndiye niliyeishika. Nikiiwasha, wapita njia walisimama kutazama. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilikuwa nimesifiwa sana.

Siku hiyo ililetwa pikapu ya bluu, kuukuu, kutoka Igowole. Mwenye nayo alikuwa mjane aliyeitwa Mama Tumaini. Binti yake alikuwa anaolewa wiki iliyofuata, naye alitaka gari la marehemu mumewe ndilo limpeleke bibi harusi kanisani. Kwenye mlango wa dereva palikuwa na maandishi meupe yaliyopinda kidogo: Mama Tumaini. Mumewe aliyaandika mwenyewe kwa brashi, siku walipolipata gari hilo.

"Ling'arisheni lote," akasema, "ila hapa msipaguse. Huu ni mkono wa marehemu."

Mzee Luvanda akanigeukia. "Umesikia, kijana? Mlango huu utaufuta kwa kitambaa. Mashine usiisogeze."

Nikaitikia. Mzee akaenda msibani, mama akaenda sokoni, nikabaki na kazi.

Boneti iling'aa hata nikauona uso wangu. Nilipofika kwenye ule mlango, kitambaa nikakiona ni kazi ya wanaojifunza. Nikajiambia, mkono wangu ni mwepesi, nitapita pembeni tu. Mwanangu, rangi ya brashi haina nguvu ya rangi ya kiwandani. Nilipoinua mashine, sponji lilikuwa jeupe, na mlangoni zilibaki herufi mbili.

Mzee aliporudi aliutazama mlango, kisha akanitazama mimi. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Ulisahau, au ulidharau?"

 Mama Tumaini alipoonekana anakuja, nilikwenda nyuma ya gereji nikainamia ndoo, nikijifanya nafua vitambaa. Huko nyuma nikamsikia Mzee anasema, "Mama, ni mimi. Mashine imeniponyoka. Nisamehe."

Nilichungulia. Mama hakupiga kelele. Aliweka kiganja kwenye ule mlango, akakiacha hapo muda mrefu. "Nilikukabidhi kitu kimoja tu, Mzee," akasema, akaondoka na gari lake.

Mzee akaja nyuma akanikuta. "Wewe ni mwanafunzi wangu, kwa hiyo mbele ya mteja kosa ni langu. Lakini Igowole utakwenda mwenyewe, ukamwambie ukweli."

Nikasema nitakwenda harusi ikipita. Kisha nikasema baada ya mavuno. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikahamia Mbeya, nikafungua gereji yangu hapa Mwanjelwa, na kila nilipokwenda kwetu Iringa basi lilipita Mafinga, penye njia panda ya Igowole, nami nikaepusha uso na dirisha. Ikapita miaka sita, kisha nikaletewa habari kwamba Mzee Luvanda amefariki.

Tulipomaliza kumzika, nilikwenda Igowole. Nilimkuta Mama Tumaini uani anapukuchua mahindi. Nikapiga magoti, nikamweleza yote.

Aliweka gunzi chini. Kisha akasema, "Yule mzee alikuja hapa mara mbili kuniomba radhi. Mara ya kwanza sikumpa hata kiti. Mara ya pili sikumfungulia mlango. Juzi wameniambia amefariki, nikasema mimi siendi." Akajifunika uso kwa khanga. "Kumbe hakuwa na kosa."

Nikamwambia, "Kosa ni langu, mama, si lako."

"Wewe nakusamehe, baba," akasema. "Mimi nani atanisamehe?"

 Nilikaa naye tukapukuchua mahindi mpaka gunia likajaa.

Kwa hiyo, mwanangu unayejifunza kazi, shika haya. Mwenye kitu akikuambia usiguse, usiguse, hata kama unaona unajua kuliko yeye. Na mkono ukiteleza, maana utateleza tu, nenda ukaseme siku ileile, kwa mdomo wako, kwa yule uliyemkosea. Usikubali mtu mwingine abebe aibu yako, hata akijitolea kwa upendo. Mimi niliharibu mlango kwa dakika moja, lakini kwa kunyamaza niliwanyima wazee wawili amani, na mmoja amekwenda kaburini akiwa amechukiwa bila kustahili.

Mungu aibariki mikono yako, akupe walimu wenye subira, na akujalie kuomba radhi wakati wanaopaswa kukusamehe bado wako hai. Amina.