Mpira wa Soksi

Kila nikikunja soksi zilizotoka juani, harufu yake hunirudisha kwenye ua wa bibi, mjini Sib, nchi ya Waarabu, Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Tulikuwa tukicheza rede: wawili wanarusha mpira wa soksi kumlenga aliye katikati, naye anakwepa. Mkono wangu haukuwa na nguvu. Nilikuwa nikitazama kulia, mpira nikauachia kushoto, polepole.

"Huyu ni mama mtupu," wakasema mama zangu wadogo. Mama yao, yaani bibi, alikuwa hakwepeki mtaa mzima kule Unguja.

"Msimfananishe na mie," bibi akasema. "Mie hajanipiga."

Akajifunga kanga kiunoni, akaingia katikati.

Nikalikazia macho bega lake la kulia mpaka akayaamini. Mpira ukamgusa nyonga ya kushoto.

Akauokota, akauminyaminya. Nilingoja anigombeze. Akanirudishia mkononi, kisha akawageukia wanawe.

"Basi siku mkinisimulia kwa watu, semeni nilikuwa nikirusha kama huyu."