Aliyeletwa Akitoka Damu

Wodini walimwita Shangazi, kwa sababu hakuna aliyesalimika na maneno yake, kuanzia wafagizi hadi madaktari. Alikuwa mkunga mkongwe, magoti yamechoka, viatu vimepinda kisigino.

Asubuhi moja mshonaji nguo aliletwa na wifi yake, amefungwa khanga mbili na zote zimelowa damu. Mwili ulikuwa wa moto. "Ameanguka bafuni," wifi alisema, macho sakafuni. Shangazi alimpima, akajua. Mimba ilikuwa imetolewa na mtu asiyejua kazi.

Muuguzi kijana akarudi nyuma. "Mimi simgusi, Shangazi. Kesho niitwe mahakamani?"

Daktari naye alisimama mlangoni, glavu mkononi. "Polisi wajulishwe kwanza."

"Tutawajulisha nini, daktari? Kwamba amekufa tukimwangalia?"

"Nina watoto mimi."

"Na yeye anao. Watatu. Njoo tumsafishe."

Daktari akavuta pumzi, akavaa glavu. Hakuondoka kitandani pa mgonjwa hadi damu ilipokatika.

Shangazi hakuwa mtetezi wa mtu. Kanisani alikaa kiti cha mbele, na kutoa mimba kulimkera kweli. Alipokuwa akimbadilishia shuka alitaka kumgombeza, lakini akaishia kumfunika vizuri. Mshonaji alimshika mkono.

"Mama, utawaambia?"

"Pumzika, mwanangu."

Mchana askari wawili walifika; mtu alikuwa ameshapiga simu. Wakamuuliza Shangazi alichokiona.

"Mwanamke anatoka damu. Tumemtibu."

"Hakusema chanzo?"

"Mtu ana homa ile atasema nini? Nendeni mkakae nje, mnanizibia njia."

Wakarudi siku iliyofuata, na nyingine tena, kisha wakachoka. Mshonaji akaruhusiwa, akaondoka ameegemea bega la wifi yake. Hakuna aliyejua kama askari wangemfuata nyumbani.

Haukupita muda daktari akaomba kuhamia kitengo cha macho. "Huko angalau nitalala," alimwambia Shangazi. Shangazi hakumlaumu. Nafasi yake haikujazwa, na muuguzi kijana naye akaanza kuulizia uhamisho.

Jioni moja Shangazi alifika nyumbani akajitupa kwenye kochi na viatu vyake. Mumewe, dereva mstaafu, akamletea maji ya kunywa.

"Na wewe utastaafu lini, mke wangu?"

"Akipatikana wa kubaki," alisema, akafumba macho kabla ya kuyanywa.